Ukuta wa Mzee Dapaah

Frema alipotuambia anarudi chuo kusomea uzee, tulicheka mpaka mama muuza ugali wa kenke akashindwa kuhesabu chenji.

"Uzee nao unasomewa?" mama huyo akauliza. "Mie nilidhani ukikaa tu unafika!"

"Na mtihani wake je? Wanakupa mkongojo waone kama utaanguka?" mwingine akadakia.

Frema alicheka pamoja nasi. Alikuwa muuguzi, mtu mzima, kutaniwa alikuzoea. Alipata nafasi ya shahada ya pili kule Accra, masomo ya uzee na utunzaji wa wazee, na kila Ijumaa alipanda basi kuja kwetu Effiduase kumwona baba yake. Tulijua sote kwamba huyo ndiye anayemsomea.

Baba yake, Mzee Dapaah, alikuwa fundi cherehani mwenye jina mjini, mpaka kumbukumbu ilipoanza kumtoka. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba mkewe amefariki, akawa anamwita Frema kwa jina la marehemu. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijamtoka: msalani alikwenda mwenyewe, na ole wako umfuate.

Nami jirani yao nilikuwa nikishangaa anafikaje, maana nyumba ile ya ukoo ina ukumbi mrefu wenye kona, na msala uko mwisho kabisa. Frema ndiye aliyenionyesha. Tangu ujana wake mzee alikuwa akipita ukumbini huku kiganja kikipapasa ukuta, na miaka yote hiyo mkono wake ukaacha mstari mweusi unaong'aa, kimo cha kiuno, kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa msala. Siku hizi hakuwa akitazama njia. Aliugusa ukuta, miguu ikaenda.

"Darasani wanatufundisha kuwabandikia wazee kama hawa alama ukutani," Frema aliniambia. "Baba kajichorea za kwake."

Basi dada mkubwa wa mzee, Eno Pokuaa, akafariki. Maiti ikawekwa mochwari, na nyumba ikaanza kutengenezwa kwa ajili ya mazishi, kama inavyofanywa. Mwana wa marehemu, Badu, mwenye duka la vipuri Kumasi, akaja na mafundi na madebe ya rangi. Frema alifika Ijumaa hiyo akakuta mafundi wanakwangua kuta za nje.

"Badu, pakeni nyumba nzima," akamwambia. "Huu wa ukumbini niachieni."

"Huu? Dada, si ndio mchafu kuliko zote!"

"Si uchafu. Ndiyo njia ya mjomba wako. Mkiufuta, hatajua yuko wapi."

"Tutamshika mkono."

"Nani atamshika? Wewe, au vipuri vyako?"

Badu hakucheka. Alijifuta uso kwa shati. "Mama yangu amelala kwenye barafu, Frema. Watu wanatoka mpaka Ujerumani kuja kumzika. Waingie wakute ukuta kama wa gereji? Watasema Pokuaa alizaa watu gani?"

Frema akaenda kwa mkuu wa ukoo, Opanyin Nyantakyi. Mzee yule ni mwungwana. Alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Unasema vizuri, mwanangu," akamjibu. "Ila kwetu mtoto hufuata upande wa mama, na wewe ni wa ukoo wa mama yako. Nyumba ile ni yetu, na baba yako ni wetu. Tukikosea, tumekosea sisi."

"Opanyin, ninayemwogesha ni mimi."

"Na tunakushukuru sana."

Jumapili ilimbidi arudi Accra, kwa sababu Jumatatu alitakiwa kusimama mbele ya walimu wake na kueleza mada yake: kwa nini mzee aliyepotewa na kumbukumbu asibadilishiwe nyumba. Walimpigia makofi. Aliniambia hayo baadaye, akitazama pembeni.

Ijumaa iliyofuata ukumbi mzima ulikuwa mweupe, unanukia rangi. Mzee Dapaah alikuwa amekaa barazani, kofia kichwani, kitambaa chake cha maombolezo kimekunjwa mapajani, suruali imelowa. Alipomwona Frema akasimama kwa heshima.

"Ahsante, mama mwenye nyumba. Mmetupokea vizuri sana. Lakini jua linakwenda, na watu wangu wananingoja nyumbani."

Frema alimbadilisha nguo. Kisha akaenda jikoni, akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya mawese. Akatumbukiza kiganja na kuanza kuchora ukutani, kimo cha kiuno, kutoka mlango wa chumba. Badu alitokea na kitambaa chake cheusi begani, akamwona. Nami niliyesimama barazani nilijua atapiga kelele. Aligeuka akarudi uani.

Frema akauchukua mkono wa baba yake, akauweka juu ya mstari.

Mzee akapiga hatua moja. Akasimama. Akatazama vidole vyake, akatazama ukuta, na uso ukamshuka kwa aibu.

"Nani kachafua ukuta wa watu?" akanong'ona. Akatoa leso mfukoni, akaanza kusugua harakaharaka, akiangalia nyuma. "Frema! Frema, nisaidie kabla wenyewe hawajaja!"

Ilikuwa miezi hajalitaja jina hilo. Frema alitokwa na machozi. Kisha akashika upindo wa gauni lake, akafuta pamoja naye.

"Sasa twende nyumbani," mzee akasema walipomaliza.

"Twende, Baba."

Alimtoa nje. Walipita kwa muuza kenke, ambaye safari hii hakuwa na utani, wakazunguka mtaa, wakafika kwangu, wakapumzika. Hapakuwa na kwingine pa kumpeleka, wakarudi. Mbele ya nyumba aliyozaliwa, Mzee Dapaah alivua kofia akapiga hodi.

Badu ndiye aliyefungua. "Karibu, mjomba," akasema, akampisha.

Mzee alimshukuru, akaingia polepole katikati ya ukumbi, mikono ameifunga mgongoni asije akagusa ukuta.