Salo ya Uvira

Watu wa kambi ya Dzaleka walinisema sana kwa ajili ya ile nyumba. Waache waseme. Ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, paa la majani na plastiki juu yake, mlango wa mabati yaliyopigwapigwa kutoka kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Nyumba kama zote za mstari wetu. Mvua ikinyesha, ukuta wa upande mmoja ulilainika mpaka ungeweza kuuchota kwa kijiko. Nililala humo muda mrefu bila kugusa kitu. Sikupaka, sikupigilia hata msumari wa kutundikia nguo. Mtu akiniambia nyumba yangu inatia huruma, nilisema ndiyo, inatia huruma, tukaendelea kunywa chai yake.

Nilikuwa nimekufa ganzi, sina neno lingine. Watu wanadhani huzuni ni kulia na kushika kichwa. Yangu haikuwa hiyo. Niliamka, nikachota maji, nikapanga foleni ya unga, nikalala. Ungenichoma sindano ningekutazama tu.

Vita vya kwanza vya Congo vilipofika kwetu Uvira nilikuwa mjane tayari, mume wangu alikufa kwa homa, na nilikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka mitano. Askari walinitoa ndani ya nyumba niwabebee masanduku ya risasi mpaka milimani. Mtoto akabaki ndani. Waliponiachilia na nikapata njia ya kurudi, nyumba haikuwa na mtu, haikuwa hata na mlango. Nilimtafuta Uvira, nikateremka Fizi kumtafuta, nikavuka ziwa, nikazidi kuteremka na watu wengine mpaka tukatua Malawi. Hiyo njo habari yote. Nimeisimulia ofisini mara nyingi hivi kwamba iligeuka kama habari ya mtu mwingine, na mi ni mkalimani wake tu.

Vita vya pili vilikuwa vimeshaanza kule nyumbani wakati waliponiita tena ofisini, wale wa kutafuta watoto waliopotea. Wakaniambia amepatikana. Majirani walivuka naye ziwa, amekulia kambini Tanzania, ana miaka tisa. Ataletwa mvua zikiisha. Dada mmoja wa ofisi alikuwa ameshika kitambaa tayari, anifute machozi. Nilisema aksanti, nikauliza kama ninaweza kwenda, maana nilikuwa nimeacha maharagwe motoni. Maskini, alinitazama kama nimemwibia.

Njiani ndipo hofu iliponishika, na ilikuwa hofu moja tu: atanijuaje? Nilikuwa nimekonda, meno mawili ya mbele yameniacha, nywele zimekatika. Hata mi mwenyewe nikijiona kwenye kioo cha mtu nilikuwa nashangaa, nani huyu. Na yeye aliniacha na miaka mitano. Nikamwona kichwani anashuka kwenye gari, ananipita, anatafuta mama yake nyuma yangu. Nikajiambia, mtoto akikosa kunijua mi, ataijua nyumba. Nitamfanyia salo ya Uvira, ile sebule yetu, hapahapa. Akiona salo ile atajua ni kwao, na mwanamke anayekaa ndani yake ni mama yake, hata kama amekwisha namna hii.

Salo yetu ya Uvira ilikuwa hivi. Ukuta mweupe juu, bluu chini mpaka usawa wa kiuno, na katikati mstari mweusi. Juu plafo ya kitambaa, ili usione miti ya paa. Viti vimevalishwa vitambaa vya krosheti. Meza ndogo na maua ya plastiki. Na rido, pazia la manjano lenye maua mekundu, kutoka juu mpaka karibu na sakafu, linagawa salo na chumba cha kulala. Kwetu rido si mchezo. Mgeni atakula kwako, atacheka, hata atalala salo, lakini rido haipiti. Nyumba bila rido ni kama mama ametoka nje na kitenge kimoja. Ukitaka kujua mwanamke yukoje, unatazama rido yake Jumamosi, kama imefuliwa.

Basi nikaanza. Udongo mweupe niliuchimba bondeni, kule wanawake wa Kimalawi wanakochimba wao. Bluu nilitumia vile vidonge vya kufulia nguo nyeupe. Kitu cha kushikamanisha rangi nilijipikia mwenyewe, uji mzito wa unga wa muhogo, kama mama yangu alivyofanya. Kosa! Uvira mama yangu alitia majivu, mi nikasahau. Mende wa kambi nzima walipata habari. Asubuhi ukuta wangu ulikuwa na madoa kama ngozi ya mgonjwa, wameula. Nikakwangua wote, nikachemsha uji tena, nikatia majivu na chumvi. Brashi ilikuwa kipande cha kamba ya katani, nimekiponda ncha kwa jiwe mpaka kikafumuka.

Jirani yangu, mama mmoja Mrundi aliyekuwa na cherehani mlangoni pake, alikuja kusimama na mikono kiunoni.

"Dada, ni hoteli unafungua? Basi tuambie tulete bateja."

"Lete," nikamwambia. "Wewe utaosha sahani."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mi nilikuwa namwonea wivu kwa hilo. Lakini ndiye aliyenipa sindano, na ndiye aliyenishonea magunia ya plafo.

Magunia niliyapata Kanengo, upande wa viwanda wa Lilongwe. Nilikuwa naenda huko msimu wa tumbaku kufanya ganyu, kibarua cha kufagia kwenye maghala, na jioni walituruhusu kuchukua yaliyochanika. Ya unga nilifumua mshono, nikayafua kwa majivu yale maandishi yatoke. Hayakutoka. Nikayageuza ndani nje, maandishi yakatazama paa, sisi tukapata weupe. Ya plastiki nilichomoa nyuzi moja moja, nikazisokota mapajani, nikafuma vitambaa vya viti. Sindano ya krosheti ilikuwa spoku ya baiskeli aliyonipa mtu wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, nikaikunja ncha na kuinoa kwenye jiwe. Viti vyenyewe vilikuwa makopo ya mafuta, nimeyajaza mchanga na kuyazungushia kadibodi. Ukikaa huwezi kujua. Labda ukikaa sana.

Watu wakaanza kuja kuangalia. Wengine walisema nimechanganyikiwa, wengine walisema nimepata bwana. Mzee mmoja wa kanisani aliniuliza kwa upole kama nimekata tamaa ya kurudi Congo, kwa maana mtu anayepamba nyumba ya ukimbizini amekubali kufia hapo. Nilimwambia, "Papa, mi napaka ukuta tu." Na ilikuwa kweli. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi na mi niko pembeni. Nilikuwa nakumbuka upana wa ule mstari mweusi, nakumbuka rido ilikuwa na mikunjo mingapi, lakini siku niliyotolewa ndani ya nyumba ile sikuwa naigusa. Nilikuwa naizunguka, kama unavyozunguka shimo la choo.

Rido njo ilinitesa. Nililala Lilongwe kwa dada mmoja wa kanisa, nikashinda sokoni napekua marundo ya kaunjika, zile nguo zilizovaliwa Ulaya, mpaka muuzaji akanifokea kwamba kama sinunui nimpishe. Nikapata shuka la manjano. Manjano yenyewe! Maua hayakuwepo. Nikarudi nalo Dzaleka, nikachonga ua kwenye kiazi kitamu, nikalichovya kwenye ile dawa nyekundu ya kung'arishia sakafu, nikapiga mihuri shuka zima. Lilinuka vibaya, nikalianika nje mpaka harufu ikapungua. Nilipolitundika kwenye waya, nikarudi nyuma mpaka mlangoni na kutazama, niliona Uvira. Sikusikia furaha. Nilisikia tu kwamba kazi imekwisha.

Wakamleta mchana. Mstari mzima ulikuwa umejaa mlangoni kwangu, wamekuja kulia pamoja nasi, wengine wamebeba na viti vyao. Gari likasimama. Akashuka msichana mrefu, mweusi, kichwa kimenyolewa, amevaa gauni la kijani lililompwaya, na yule dada wa ofisi nyuma yake. Alikuwa na paji la uso la mama yangu. Nilimjua palepale.

Akanitazama, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Kwetu hatusalimiani hivyo. Wamemfundisha Tanzania kusalimia wakubwa. Nikasema, "Jambo."

Hakunirukia, wala mi sikumrukia. Watu wakasubiri. Mama mmoja aliyeanza kulia akanyamaza, akapenga kamasi, kwa aibu. Nikasema, "Ingia basi, mwanangu," nikamfungulia mlango.

Alisimama katikati ya salo. Akatazama bluu, akatazama plafo, akatazama viti. Mi namtazama usoni kama muuza samaki anayemngoja mteja aseme neno. Halafu akaiona rido. Alikwenda moja kwa moja, akaisogeza kwa mkono, akaingia nyuma yake. Nikasema moyoni, ameijua! Ameijua nyumba! Tumbo langu likapata joto, mara ya kwanza baada ya miaka.

Lakini hakutoka.

Nilimngoja. Nikadhani anatazama kitanda. Nikaona miguu yake chini ya rido, vidole vinatazama salo. Alikuwa amesimama wima nyuma ya kitambaa, pua karibu inakigusa. Nikamfuata, nikamwambia, "Keti kitandani, umechoka." Akaketi. Nilipotoka, akarudi kusimama. Jioni nilimpelekea bugali na dagaa. Alikula kwa adabu, akaipitisha sahani chini ya rido, akasema asante. Usiku alilala, na asubuhi nilipoamka miguu ilikuwa palepale. Chooni alikwenda jirani alipomshika mkono, akarudi haraka haraka kama mtu aliyeacha kitu motoni.

"Dada, ule mutoto iko na nini?" jirani akaninong'oneza. "Anasimama sawa vile sentineli ya kulinda mulango."

"Amechoka na safari."

"Kuchoka njo kusimama?"

Nikamwambia aende akashone nguo zake. Aibu ilikuwa inanila. Nilikuwa nimemkosa. Amekuja, ameona, na hanitaki. Anakaa nyuma ya rido ili asinione sura.

Mchana wa siku ya pili nilikuwa nimeketi kwenye kopo langu, nimeshika kikombe, natazama ile miguu. Hasira ikanipanda. Sikuwa nimesikia hasira muda mrefu, ikaja yote pamoja. Nikasimama, nikaanza kuisemesha rido kwa sauti.

"We mutoto, mi nilikufanya nini? Ukuta huu niliupaka mara mbili kwa ajili yako! Nilivunja mgongo Kanengo, nilitukanwa sokoni, watu wananiita kichaa, yote nione unaingia na kukaa kama mtu wa hapa. Huitaki nyumba? Sema! Hunitaki mi? Sema nisikie! Unasimama hapo kufanya nini?"

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Halafu sauti ikatoka nyuma ya kitambaa. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtoto aliyesimamia neno lake na hataki kuonewa.

"Ulisema nisitoke mpaka uniite."

Nikakiweka kikombe chini.

Nilisema hivyo. Mlango ulikuwa unapigwa kwa kitako cha bunduki, nikamsukuma nyuma ya rido, nikamwambia, usitoke mpaka nikuite. Halafu wakanichukua. Sikumwita, kwa maana kumwita ilikuwa kuwaonyesha. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba majirani walimtoa pale kwa nguvu, na alimng'ata mkono yule aliyembeba. Na mi nimechimba udongo, nimesokota nyuzi, nimepiga mihuri ya maua moja moja, nimemtengenezea pahali palepale na kumrudisha akasimame. Tangu ashuke garini nilikuwa namwita we, mtoto, mwanangu. Jina lake halikuwa limetoka kinywani mwangu. Alikuwa ananisikiliza siku mbili, anangoja.

Nikapangusa mikono kwenye kitenge, nikamwita kwa jina lake, ambalo ni jina la mama yangu, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Wanawake wa mstari wetu walitoka nje mbio, walidhani kumetokea msiba. Waliponiona nimesimama salo napiga kelele, wakabaki mlangoni.

Rido ikasogea. Alitoka, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama machoni.

"Abee, mama," akasema.

Nikalia mpaka jirani akaja kunishika.