Mtani wangu kaifunga barabara ya mama kwa mkono wangu mwenyewe

Admin, jina langu usiliweke, maana mtaa wetu hauna siri na huyu nitakayemsema kila mtu anamjua. Ndugu zangu mnaosoma, naomba mnivumilie, naandika nikiwa na hasira.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mnyamwezi, naishi hapa hapa Tabora mjini. Nauza asali na karanga nyumbani kwa sababu siwezi kwenda mbali. Namuuguza mama yangu, amepooza upande mmoja. Kuongea anaongea, ila taratibu, na maneno machache.

Huku kwetu vichochoro vyote ni mchanga. Kiti cha magurudumu ukikisukuma kinazama, unabaki kuhema. Barabara moja tu ndiyo ngumu, ile inayopanda kilimani, ina miembe ya zamani huku na huku, na ukifika juu mji wote unauona. Ni barabara ya serikali, tumeikuta. Maharusi wanapigia picha pale, wanafunzi wanasomea pale, wazee wanapunga upepo. Kila jioni nilikuwa nampandisha mama. Tukifika juu alikuwa ananiambia, "Niache kidogo." Namwacha anatazama mapaa mpaka jua linazama. Daktari alinipa dawa nyingi, lakini mimi najua kilichomrudishia mama uso wake ni kile kilima.

Sasa huyu mtu. Ni mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzaramo, mtani wetu. Wasiojua niwaeleze: babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo, utani ukaanzia huko mpaka leo. Mtani anakutukana hukasiriki. Anachukua kuku wako unacheka. Na msibani ndiye anayewachekesha mnaolia. Baba yangu alipofariki, huyu alikaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akasema, "Huyu mla karanga hazikwi mpaka nipewe jogoo." Tulilia huku tunacheka. Akapewa jogoo, akatoka, akawa wa kwanza kushika chepeo. Siku ile nilimwona ni ndugu yangu wa damu.

Mwaka jana pale juu ikajengwa hoteli. Ukaitishwa mkutano wa mtaa, tukazungumza takataka, tukazungumza maji. Mwishoni kabisa, watu wameshaanza kukung'uta nguo, akasimama akacheka, akasema, "Hawa Wanyamwezi wanachafua kilima kwa maganda ya maembe. Wanaotaka niwafungie ile barabara nipumzike, mikono juu." Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mimi ndiye niliyeanza, nikanyoosha mikono yote miwili, nikamjibu, "Funga, Mzaramo, tuone nani atakubebea mizigo." Wenzangu nao wakanyoosha. Tulitawanyika tunacheka.

Haukupita muda mrefu tukaona mafundi wanachimba mashimo chini ya kilima. Likawekwa geti, na mlinzi. Nilifika na mama yangu jioni, mlinzi akasema, "Mama, hapa ni wageni wa hoteli tu. Mtaa wenu wenyewe umepitisha."

Nilidhani amekosea. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamkuta barazani na mama yake mzazi. Nikamwambia, "Mtani, ule ulikuwa utani." Hakucheka. Akaniuliza, "Mkono ulinyoosha au hukunyoosha?" Nikamwambia, "Nilinyoosha kwa sababu ni wewe uliyesema." Akajibu, "Mkutano ni mkutano, dada yangu." Dada yangu. Tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo, siku zote naitwa mla karanga. Hapo ndipo nilipojua kuwa alipanga. Alijua angeuliza kwa uzito tungekataa, akatumia kicheko chetu. Manispaa nako wamenijibu kwamba mtaa uliridhia, labda mwenyekiti mwenyewe aurudishe uamuzi mkutanoni.

Siku ile mama yake aliinuka barazani, akanisindikiza mpaka njiani. Akaniambia, "Mwanangu, nimesikia. Nimeona aibu." Bibi wa watu hakunikosea chochote. Alikuwa shoga wa mama yangu, walikuwa wanasukana.

Mama yangu bado anauliza. Jua likipungua ananitazama, anasema, "Leo hatuendi?" Nilimdanganya kwamba wanatengeneza barabara. Siku hizi amepunguza kuuliza, anageuza tu kiti kuelekea dirishani, na dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Hilo ndilo linaloniua.

Sasa leo asubuhi yule bibi amefariki. Wanasubiri ndugu kutoka Dar, maziko ni kesho baada ya adhuhuri. Na mimi ndiye mtani mkubwa wa nyumba ile. Wameshanitumia ujumbe, "Wanyamwezi mje, msiba umepoa." Nisipokwenda nimeuvunja utani wa babu zetu, na nimemkosea marehemu. Nikienda, kazi yangu ni moja: jeneza likitoka, nisimame mlangoni, nizuie njia, niseme halipiti mpaka nipewe ninachotaka. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika wala kukataa mbele ya watu.

Mdogo wangu ananiambia, "Dada, dai geti lifunguliwe. Mtaa mzima utakuwa pale, atakataaje?" Moyo wangu unataka hivyo hivyo. Halafu nakumbuka kwamba yeye alichukua utani akaufanya mtego, na mimi nitakuwa nimefanya kile kile, juu ya maiti ya mama wa watu aliyenionea huruma. Lakini nikidai jogoo kama kawaida, watu watacheka, yaishe, na mama yangu atabaki anatazama ukuta mpaka Mungu amchukue.

Mama ameshasikia msiba. Ameomba nimvalishe kitenge chake kizuri kesho, nimsukume akamuage shoga yake. Kwa hiyo atakuwepo pale, pembeni yangu, mlango ukifunguliwa.

Nishaurini ndugu zangu, kabla ya adhuhuri. Nidai jogoo, au nidai barabara?