Kipande Namba 417

Wakuu, chekeni kwanza mmalize, halafu ndiyo msome.

Mwaka 2014 mimi nilikuwa nazunguka bustanini hapa Brussels na fimbo ya umeme inayolia, natafuta kaburi lililoko Chunya.

Ndiyo. Chunya ya Mbeya.

Naitwa Crispin, naishi Evere, nasafisha ofisi. Babu yangu alichimba dhahabu kwenye kambi ya Wazungu nje ya Makongolosi, akafia hukohuko baba akiwa na miaka sita. Wenzake wakamzika pembeni ya kambi. Wakasimamisha msalaba wa mti, wakaupigilia kile kipande cha shaba alichokuwa anavaa shingoni kama kitambulisho.

Namba 417.

Msalaba ukaliwa na mchwa. Dhahabu ikaisha, kambi ikahamwa, pori likafunika kila kitu. Lakini ile namba baba hakuisahau.

Sasa figo zake zikagoma. Daktari akasema ni suala la miezi tu. Baba akanipigia.

"Crispin, mwanangu, makaburi ya mjini sitaki. Mnilaze kwa baba yangu."

"Baba, kaburi lenyewe hatujui liko wapi."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe uliyeko Ulaya."

Mnawajua wazee. Ukiwa Ulaya basi wewe unaweza yote. Nikakasirika, lakini nikasema sawa baba. Ningesemaje?

Nikapiga hesabu zangu. Mti umeliwa, lakini shaba mchwa haili. Kile kipande bado kimo kwenye udongo, tena juujuu. Na mashine za kutafuta vitu vya namna hiyo zipo, Wazungu wanaokotea sarafu za kale.

Nikapata ya mtumba kwa mzee mmoja, Mathieu, kule Ganshoren. Akanielekeza kwa Kifaransa cha haraka, mikono inapepea. Mimi "oui, oui", na sijaelewa hata robo. Akanipa na kitabu cha maelekezo, Kifaransa upande huu, Kiholanzi upande ule. Hongera yangu.

Jirani yangu Jérôme, Mkongo wa Bukavu, ana kibustani nyuma ya jengo letu. Akaniruhusu nijifunzie hapo.

Aisee, nilikoma.

Inalia, nachimba: kifuniko cha bia. Inalia, nachimba: kile kidude cha kufungulia kopo la soda. Inalia tena kwa nguvu, moyo unaruka, nachimba mpaka kiwiko: kidude kingine! Hawa watu wanakunywa jamani. Asubuhi nzima nimetoa ndoo ya takataka, mvua inaninyeshea, mgongo haunyooki, na Jérôme yuko mlangoni na kikombe cha chai, anacheka.

"Crispin, leta ile kitabu nikusomee. Iko mu français, mi naijua."

Hapa ndipo nilipojiroga mwenyewe.

Mimi na Jérôme utani wetu ulikuwa huohuo kila siku. Namwambia Kiswahili chenu mmekiokota njiani. Ananiambia nyinyi ba Tanzanie mnajisikia sana. Sasa mimi, mwenye lugha yangu, nisomewe na mtu anayesema "muntu" na "mutoto"? Thubutu!

"Jifunze Kiswahili kwanza, ndiyo unifundishe mimi."

Hakucheka safari hii.

"Bon. Kama unakataa, unakataa." Akaingia ndani na chai yake.

Nikajibonyezea mwenyewe. Nikagundua kitufe kimoja: mashine ikilia juu ya kitu usichokitaka, unabonyeza, na haitalia tena kwa kitu cha sauti ile. Kidude cha kopo, nikabonyeza. Kifuniko, nikabonyeza. Kimya! Nikatupa sarafu chini, ikalia vizuri. Nikajiona injinia.

Dada Evaline, Mtanzania mwenzetu, alikuwa anaenda nyumbani miezi miwili. Akaibeba. Nikampa maagizo mdogo wangu Nathaniel kwa simu.

"Usiguse kitufe chochote. Nimeshaiweka sawa. Wewe washa, tembea pale ilipokuwa kambi."

Siku ya kwanza tu Nathaniel akaokota senti kumi ya tundu, ya Mfalme Joji. Wiki ya pili, shilingi ya mkoloni. Makongolosi nzima ikasema tunatafuta mali za Mjerumani, watu wakaanza kumfuata porini na majembe yao.

Lakini 417, hakuna.

"Kaka, nimelipita eneo lote, mara tatu."

"Unapita kama unakimbizwa. Polepole!"

"Napita polepole, kaka. Labda hii mashine..."

"Mashine inaokota hela za Mfalme Joji, halafu iwe mbovu? Mbovu ni wewe! Umezoea kukaa kwenye bodaboda, kutembea hujui."

Mdogo wangu huwa habishi.

Wiki tano hizo, kila simu ni kumfokea. Na kila Jumapili baba ananiuliza, sauti inazidi kupungua: "Mmempata baba?"

"Bado kidogo, baba."

Akafariki Jumanne. Alhamisi wakamzika makaburi ya mjini, palepale alipokataa. Mimi kazini walininyima ruhusa.

Jérôme akaja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Akaketi. Kisha akakiona kile kitabu juu ya friji, akakifunua. Akafika ukurasa fulani, akasimama.

"Crispin. Hapa banasema, ukizimisha sauti ya bitu bya makopo, machine itanyamaza pia juu ya pete, na médaille, na bitu bya laiton, ile shaba ya manjano. Juu sauti yabo ni moja."

"Rudia."

Akarudia. Kwa kile Kiswahili nilichokuwa nakicheka, nikaelewa kila neno.

Nikampigia Nathaniel, nikamwelekeza arudishe sauti nilizozima kwa kile kitufe. Kesho yake alikipata kipande ndani ya dakika arobaini. Hatua kumi kutoka pale alipookota ile senti ya kwanza. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amekanyaga juu yake.

"Kaka," akasema, "si nilikwambia labda mashine?"

Akakata simu.

Evaline aliporudi alinikabidhi mashine na bahasha ndogo. Ndani, kipande cha shaba, kijani pembeni, 417 inasomeka vizuri.

"Nathaniel amesema ukae nacho wewe."

Basi ninacho. Kiko mezani ninapoandika haya.

Wakuu, kelele za takataka zinachosha, najua, zilinichosha mimi. Ila kabla hujaziba sikio, mwulize anayejua ni sauti gani nyingine unaizima pamoja nazo. Wangu alikuwa mlango wa pili, kitabu anataka kukisoma, na mimi namsahihisha Kiswahili.