Kitabu cha Abelone Rask

Severin Kragelund hakuwahi kutupa karatasi. Mkahawa wake ulikuwa chini ya ardhi, ngazi saba kutoka mtaani, na kwa miaka thelathini na moja ulilisha makarani na manahodha wa Kopenhagen. Katika miaka yote hiyo, karatasi iliyoshuka zile ngazi haikupanda tena. Orodha za vyakula alizifunga kwa uzi, mwezi kwa mwezi. Barua za muuza bia, risiti za samaki, hata mwaliko wa mazishi ya mtu ambaye sura yake alishaisahau, vyote vilikaa kabatini nyuma ya mapipa. Wateja walimtania kwamba akifa atazikwa na wino wake. Naye alicheka, kwani aliamini mtu mwenye karatasi zake haonewi.

Aprili ya mwaka 1868 aliuuza mkahawa ule. Miguu ilikuwa imemvimba, mkewe alishatangulia, na watoto hawakujaaliwa. Mwenye kununua angeingia tarehe mosi Mei, siku ambayo watumishi wa mji mzima hubadilisha mabwana. Petrea, binti wa dada yake, akaja kumsaidia kuhamisha.

"Mjomba, hata hii ya supu ya mikunga ya mwaka arobaini na mbili tunaitunza?"

"Iweke."

"Anayeitaka nani? Hao samaki wenyewe walishasahau."

"Iweke tu, mwanangu. Usinichokoze asubuhi yote hii."

Petrea akacheka, akainama chini ya kabati na kuvuta kasha la sigara lililofungwa kamba mara mbili. Mzee akasema hilo aliache, lakini alisema kwa sauti ndogo mno, na msichana alikuwa ameshakata kamba. Ndani mlikuwa na kitabu cha utumishi, kile chenye jalada la kijivu ambacho kila mtumishi nchini hupewa akipata kipaimara. Kila bwana huandika humo alivyomwona mtumishi wake. Asiye nacho hapati kazi, na polisi humtoza faini.

"Abelone Rask," Petrea akasoma. "Si yule mpishi wako? Yule aliyepoteza kitabu?"

Kragelund alikaa juu ya pipa. Petrea akafunua barua iliyokuwa chini ya kitabu, akaisoma mara mbili.

"Polisi walikuomba uthibitishe kwamba alikutumikia, ili apewe kingine. Uliwajibu?"

"Sikujibu."

"Mjomba, hakikupotea."

"Hapana."

Naye akamweleza, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Abelone alipika kwake miaka tisa. Wateja walishuka zile ngazi kwa ajili ya supu yake, wala si kwa ajili ya sura ya Kragelund, na mwenyewe alilijua hilo, likamkera. Mwaka hamsini na saba hoteli moja kubwa ikamtaka Abelone awe mpishi mkuu. Alikuja kuomba kitabu chake, kwani mtumishi akiwa kazini kitabu hukaa kwa bwana. Kragelund aliingiwa na hofu. Akajisemea kwamba atamchelewesha nusu mwaka tu, mpaka siku ya Novemba ya kubadilisha mabwana, huenda hoteli ikapata mwingine. Akamtazama usoni akamwambia, "Nilikupa Jumatatu. Ulikitia kwenye mfuko wa aproni, nilikuona."

Wapo wanaosema ni njaa inayomfanya mtu mwovu. Huyu alikuwa na shibe, na mkahawa umejaa mpaka mlangoni.

Abelone alipekua mifuko, godoro, gunia la viazi. Alilia. Kisha, badala ya kubaki kama Kragelund alivyotarajia, akaona aibu kuishi katika nyumba aliyoonekana mzembe, akaondoka. Hoteli haikumpokea bila kitabu. Ilipofika barua ya polisi, Kragelund aliisoma, akaogopa kwamba wakianza kuulizauliza, uongo wake utatoka. Akaitia kashani pamoja na kitabu. Jiko la moto lilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na kwa miaka kumi na moja hakuweza kukichoma, maana hakujua kuchoma karatasi.

"Yu hai?" Petrea akauliza.

"Yuko nyumba ya maskini, ng'ambo ya maziwa ya maji, nje ya mji."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Msichana alivua aproni, akaikunja. "Mpelekee. Mimi sitagusa karatasi nyingine humu mpaka umpelekee."

Kragelund alikwenda kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba chache. Njiani alikuwa akipanga maneno. Hakuwa na wa kumzika ila Petrea, na daktari alishamwambia asihesabu miezi mingi. Jambo moja tu alilitaka hapa duniani, Abelone amsamehe kwa mdomo wake. Ukumbi ulikuwa mrefu, wanawake wamekaa kwenye mabenchi wakichambua sufu. Alimtambua kwa mabega. Nywele zilikuwa nyeupe na vidole vimepinda.

Abelone alipomwona alisimama, akajifuta mikono. "Bwana Kragelund. Kumbe umenikumbuka." Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye bwana wangu, niliyekuwa nawaambia."

"Yule ambaye kwake ulipoteza kitabu?" akasema bibi mmoja asiye na meno. "Bwana, huyu hata akipewa kichwa cha akiba atakipoteza. Kijiko chake tumekifunga kamba."

Wenzake wakacheka, na Abelone naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea.

"Wana haki," akamwambia Kragelund akimpisha akae. "Mpaka leo nikiamka, cha kwanza nashika mfuko. Nimewaza sana, bwana. Nilikuwa na nyumba nzuri, bwana mwema, nikatamani makubwa. Nadhani Mungu alinitia usahaulifu kwa ajili hiyo. Watu wakinipa kitu kidogo cha kushika, nakataa. Sijiamini."

Angeweza kuondoka. Angeweza kumwachia uzembe wake na yeye akabaki bwana mwema mpaka kaburini. Alijikaza, akatoa kitabu kotini, akakiweka mapajani mwa Abelone.

"Hukukipoteza, Abelone. Nilikificha. Jumatatu ile sikukupa kitu."

Abelone alikishika bila kukifungua. Kisha akakifungua. Kulikuwa na maandishi ya mchungaji, ya bwana wa kwanza, ya bibi wa pili: mwaminifu, msafi, mwangalifu wa vitu. Chini ya jina la Kragelund hapakuwa na kitu.

"Miaka tisa," akasema polepole. "Hata neno moja hukuniandikia."

"Nipe, niandike sasa. Niandike nini?"

"Andika ulivyofanya."

Msimamizi wa nyumba akampa kalamu na wino. Kragelund akaandika: Abelone Rask alinitumikia miaka tisa, hakuna mwangalifu kama yeye. Kitabu hiki nilikificha mimi, kwa husuda. Akatia sahihi na tarehe. Abelone akafuatisha kila neno kwa kidole, akapuliza wino mpaka ukakauka.

"Nisamehe," akasema Kragelund. "Sina siku nyingi."

Abelone alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwa yule bibi asiye na meno, akamshikisha kitabu, akamwonyesha mahali. Akaenda benchi la pili, na la tatu. Kila mahali alisema maneno yale yale, kwa sauti ya kawaida. "Soma hapa. Sikukipoteza. Wakati wote ule sikuwa nimekipoteza." Alipofika benchi la nne machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hayafuti. Hakuna aliyecheka.

Kragelund aliketi akiwa ameshika kofia. Alimwona anafika mwisho wa ukumbi, anakaa huko, na kuvuta sufu karibu. Alijua atarudi. Mtu hawezi kupewa jambo kama lile asirudi kusema neno, hata liwe tusi, na tusi angelipokea. Wanawake wakarejea kazini. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi la pili, miguu ikamuuma, naye hakutoka.

Mwishowe msimamizi akaja.

"Mzee, unamsubiri nani?"

"Namsubiri Abelone."

Msimamizi akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, akainama, akaongea naye, akarudi.

"Nimemuuliza," akasema. "Anasema hana mgeni."