Siku Niliyosema Nimefunga

Hili jambo nimelikwepa muda mrefu, na kama si kwamba watu wa kijijini kwetu Nambis wanalisimulia kwa namna zao (wengine wananiongezea mbuzi mzima ambaye sikumla), ningekufa nalo. Heri mlisikie kwangu mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, niliyeaibika ukweni mchana kweupe.

Kaka yangu Safari alipofariki aliacha kijana mmoja, Paskali, na kwa kuwa mimi ndiye baba yake mdogo, alipopata mchumba kule Endasak ni mimi niliyepaswa kwenda kumposea. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka. Nikiiwaza tu, natafuta kitu cha kutafuna. Ndivyo nilivyokuwa tangu tumzike: nikiwa na hofu nakula, nikiwa na huzuni nakula, nikimaliza naona aibu, basi nakula tena ili aibu iondoke. Muuguzi wa zahanati alishaniambia presha imepanda, nipunguze, akaniuliza huwa nakula wakati gani, nikamjibu "saa za kula tu, dada," naye akaliangalia tumbo langu.

Asubuhi ya safari nikaamua (na hapa ndipo balaa lilipoanzia) nisile chochote nyumbani, niende mwepesi, ili ukweni nile kwa adabu. Nikafika Katesh njaa inaniuma na maneno yote ya kusema yamenitoka kichwani. Paskali alikuwa bado njiani kutoka Hirbadaw anakofanya useremala, nikasema ngoja niingie mgahawani ninywe chai. Chai ikaja na chapati, chapati ikataka supu, supu ikaisha nikasikia harufu ya chipsi, nikaagiza chipsi mayai, na nilikuwa nakula haraka nimegeukia ukuta, hata utamu siusikii. Simu ikaita.

"Shikamoo baba mdogo. Uko wapi?"

"Marahaba. Nipo hapa stendi nakusubiri," nikamwambia, mdomo umejaa, halafu nikaagiza nyama choma ya kumalizia.

Endasak walitupokea vizuri mno. Walikuwa wamechinja mbuzi, na mama wa binti amepika tangu alfajiri. Akatunawisha, akaweka mbele yetu sinia la ugali na nyama, na kipande kikubwa kuliko vyote akakisogeza upande wangu. Nilipokiona nikajua hakiingii. Lakini ukweni huwezi kurudisha chakula hivihivi, wataona umekataa na binti yao. Ilinipasa kusema nimeshiba, neno moja tu, ila wangeuliza nimeshibia wapi, na Paskali yuko pembeni. Nikajikuta nasema, "Mzee, mtanisamehe, mimi leo nimefunga. Nawaombea hawa vijana."

Baba wa binti akavua kofia. "Sijawahi kuona mshenga wa namna hii," akasema, kisha akaigeukia nyumba yake yote. "Basi na sisi tuache kwanza. Hatuwezi kula na mgeni amefunga kwa ajili yetu."

Mikono ikatoka kwenye sinia. Watoto wakanyang'anywa sahani. Paskali, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni siku nzima, akarudisha tonge lake, akanitazama kwa heshima ambayo hadi leo inaniuma. Kisha wakamleta bibi yake binti, mgonjwa wa siku nyingi, wakamketisha kwenye kigoda, nikaombwa nimwombee pamoja na ndoa hii.

Nikapiga magoti (tumbo lililojaa namna ile halikunjwi, ningejua ningesimama). Nikaanza, "Ee Mungu unayeujua moyo wa kila mtu," na maneno hayohayo yakanitisha, jasho likanitoka, nikasema nimalize haraka, nikafungua kinywa kusema amina, na Katesh yote ikatoka. Supu, mayai, chipsi nyingine nzima kabisa, juu ya sakafu waliyoifagia kwa ajili yangu, karibu na miguu ya bibi.

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Mama akaja na majivu akamwagia, Paskali akachukua chepe akazoa mwenyewe, kichwa chini. Mzee alizitazama zile chipsi, akavaa kofia yake.

"Mshenga, huku ndiko kufunga kwenu?"

Nikajifuta mdomo kwa kiganja.

"Rudini nyumbani," akasema, wala hakupaza sauti. "Mtu anayedanganya amepiga magoti, akiniahidi kwamba binti yangu atatunzwa, nitamwaminije?"

Tuliposhuka kwenye pikipiki pale Katesh, Paskali akanigeukia. "Baba angekuwepo," akaanza, kisha akaacha. Nililia palepale stendi, watu wanapita na mizigo yao, nikamwambia yote: kwamba mimi na baba yake tulikula sahani moja utoto wetu mzima, na kila mara alinisogezea nyama, na tangu aondoke nikikaa peke yangu na chakula naogopa, nakula haraka ili kiishe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungesema tu umeshiba, baba mdogo," akasema. "Nani angekuua?"

Shangazi yake Paskali ndiye aliyekwenda tena Endasak, kwanza kuomba msamaha, baadaye kuposa, na wakakubali kwa shida. Mimi niliapa kwamba uongo wa tumbo sitausema tena, na kiapo hicho ni kigumu kuliko mnavyofikiri. Sasa nakula nimekaa na mke wangu, silambi sufuria nikiwa nimesimama jikoni. Hofu ikinijia nampigia Paskali kwanza. Siku nyingine inasaidia, siku nyingine nakula hadi naumwa, kisha nampigia nimwambie hivyo.

Siku ya harusi nilikaa nyuma kabisa. Mama wa binti akaniletea sahani kwa mkono wake, na majirani wote wa pale wakageuka waone. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake. Nikala polepole, nikausikia utamu wa ile nyama, na kabla sijamaliza nikaona imetosha, kimebaki kipande kimoja.

"Nikuongeze?" akauliza mama.

"Hapana mama, asante. Nimeshiba."

Mzee akanitazama usoni. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akakichukua kile kipande kwenye sahani yangu, akakila.