Kompyuta ya Taa Moja

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Hapana, nasema uongo, tisini na saba kulikuwa na vita, njia hazikuwa za kutembea mtu na mfuko wake. Tisini na nane? Hapana, bado. Tisini na tisa, ndiyo, maana nilikuwa nimeanza tena kushuka kutoka Nyakiriba kuwauzia mafundi wa Gisenyi vifungo na zipu, na miguu nilipumzisha kwa Mukandutiye.

Mukandutiye alikuwa fundi cherehani, karibu na njia ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma. Nusu ya meza yake alimpa Donat, mtu mwembamba, mpole, anayeomba radhi hata akigonga kiti. Donat zamani alitengeneza redio. Sasa alikuwa na kompyuta, akiandikia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, na malalamiko juu ya mbuzi wa jirani.

Umeme ulitoka kwa Sulaiman, muuza vitenge wa chumba cha pili. Kwetu watu walipeana umeme kwa kipimo cha taa, na Donat alikuwa amepewa umeme wa taa moja, basi. Taa ya Sulaiman mwenyewe ilining'inia juu ya ukuta wa mbao usiofika dari, ikaangaza vyumba vyote viwili.

Shida ni kwamba kila siku, karibu na saa nne, taa ile ilififia ikawa nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha kwenye harusi. Na kompyuta ya Donat ilikuwa kubwa, yenye kunguruma. Nani mwingine angeshukiwa?

"Donat, mdogo wangu," Sulaiman akasema siku moja, kwa upole wake unaotisha, "jana nimemuuzia mama mmoja kitenge cha kijani. Kufika nje, kimekuwa bluu. Amerudi kunitukana mbele ya wateja. Ijumaa saa nne nitakaa hapa niangalie taa yangu. Ikififia, nakata waya."

Bila waya, Donat angerudia redio, na redio za mtaa mzima alikuwa ameshaziharibu.

Jumatano tukavuka kwenda Goma, mimi nikitafuta zipu, yeye amebeba kompyuta mgongoni kwa kitambaa, kama mtoto. Askari wa mpaka akaichungulia.

"Huyu mutoto iko na miezi ngapi?"

"Miaka mine, chef. Samahani."

"Na bado hatembee? Pita, pole sana."

Muuza vipuri aliitwa Jado. Prosesa zake alizipanga kwenye gunia kama biskuti. Prosesa ndiyo inayofikiri ndani ya kompyuta. Donat alinieleza njiani kwamba inayofikiri haraka inakula umeme mwingi na kuwaka joto, na inayofikiri polepole inakula kidogo. Nikamwambia hata mimi nakula kidogo.

Donat hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na kipande cha jibini ya Masisi. Jado akawasha prosesa ya kwanza, Donat akaweka juu yake karatasi ya sigara, na juu ya karatasi kijipande cha jibini.

"Hii ni megahezi mia tatu, papa! Iko na mbio!" Jado akasema.

Jibini ikayeyuka yote, pakanukia chakula.

"Mi sitafuti restaurant," Donat akajibu. "Samahani."

Ya pili ilikuwa na feni yake, ikapeperusha jibini mpaka kwenye ndevu za Jado. Ya tatu ilikuwa mia moja thelathini na tatu, ya polepole, haina feni. Dakika kumi, jibini ikatoka jasho kidogo tu, kama mtu anayengoja zamu.

"Bon, hii iko muzuri," Donat akasema. Wakabadilishana: mtoto wa mgongoni akabaki Goma, na sisi tukapewa prosesa, ubao wake wa kuichomekea, na kioo kidogo cha kusomea maandishi, cha nyeusi na nyeupe, kilichotoka kwenye mashine ya kuhesabia pesa dukani. Ushahidi wote Jado akaula.

Likabaki kasha. Makasha ya Jado yalikuwa marefu kama kabati, na nusu ya meza ni nusu ya meza. Donat akafikiria kopo la biskuti, lakini bati likigusa nyaya ni balaa. Mukandutiye akapima kwa futi yake ya kushonea, akakuna kichwa, kisha akampa kifuniko cha mbao cha cherehani, chenye mpini na kila kitu. Wakakitoboa mbavuni kwa msumari wa moto ili joto litoke. Kabla Donat hajageuka, mashimo yalikuwa yameshonewa pazia la dantela, ile lesi ya matundumatundu.

"Mama, itapumua namna gani?"

"Mi navaa dantela kila Jumapili. Sijakufa."

Ijumaa Sulaiman akaja na kiti na mkasi. Saa nne kasoro, Donat akachomeka. Taa haikutikisika hata kidogo.

"Washa basi," Sulaiman akasema.

"Imewaka, mzee."

"Haijawaka. Sijaona taa ikifa."

Donat akaandika SULAIMAN kwenye kioo kile kidogo. Mzee akatabasamu, na hapo hapo taa ikawa nyekundu.

Mkasi ukainuka. Donat akachomoa waya wake kwa mikono miwili, karibu aanguke. Taa ikabaki nyekundu. Ndipo Mukandutiye akaonyesha kwa kidole waya wa pili, uliopita nyuma ya vitenge kwenda uani. Tukaufuata sote, Sulaiman mbele na mkasi wake. Mwisho wa waya alisimama mke wake Mutesi, akikoroga maharage juu ya jiko la umeme.

"Tangu lini?"

"Tangu Idi. Makaa yananiumiza macho. Na wewe mwenyewe unasema siku hizi napika vizuri."

Sulaiman akafikiri, mtu wa haki yule, kisha akaweka mkasi mfukoni. "Waya wako hauguswi, Donat. Lakini sheria ni moja kwa wote. Kama kuna mashine inayofikiri kwa umeme wa taa moja, Jumatano nenda Goma uniletee jiko la kipimo hicho."

"Ndiyo, mzee!" Donat akasema, kwa furaha ya waya wake, na tayari anapima upana wa sufuria.

Nikauliza, kwa heshima zote: na hayo maharage yataiva siku gani?