Santuri ya Kupimia

Mtaani walimwita Fundi Sindano. Wageni wakija na suruali za kupunguza, aliwaelekeza kwa fundi cherehani, mlango wa tatu. Sindano yake yeye ilikuwa ya mashine za santuri.

Siku hizi nani ana habari nazo? Wengine wameweka vyungu vya maua juu ya ile sahani ya kuzunguka. Lakini enzi zake, sebule isiyo na santuri ilikuwa kama kijiwe cha kusubiria mvua ipite. Na mashine zile zilikuwa na deko: sahani ikizunguka polepole, mwimbaji analegea kama mlevi, ikienda mbio, anakuwa kifaranga. Kazi ya fundi ni kumrudishia mtu sauti yake.

Mafundi wenzake walipima mwendo kwa kuhesabu mizunguko, macho kwenye saa. Yeye alipima kwa mke wake.

Usicheke. Mkewe alipokuwa na mimba ya binti yao, walikwenda studio, mama akaimba wimbo wa kubembeleza aliotunga mwenyewe. Mwenye studio akawachongea santuri papo hapo, moja tu, akawaonya: "Hii si ngumu kama za dukani. Kila mkiipiga, sindano inaramba kidogo. Ipigeni mara mojamoja."

Walisikia. Kusikia na kutii ni ndugu wasiosalimiana.

Maana fundi aliijua ile sauti kuliko kiganja chake. Mashine ya mteja ikishapona, anaiwekea santuri ya mkewe, anasikiliza ubeti wa kwanza huku kidole kiko juu, halafu anapaza sauti: "Mwendo sawa! Mwiteni mwenyewe!" Anainua sindano, basi. Ubeti wa pili na wa tatu hakuwa na shida nao.

Mkewe akimletea chai alimtania: "Leo mimi nani? Mlevi au kifaranga?"

"Leo ni wewe mwenyewe, mama watoto."

"Watoto! Huyo mmoja umemzidisha mara ngapi?"

Siku moja tu alisema bila kucheka: "Mume wangu, utanimaliza na hayo masindano yako."

"Wewe humaliziki," akamjibu, akaendelea kukaza skrubu.

Miaka ikapita. Sauti ikaanza kufunikwa na mlio kama wa mafuta ya kukaangia. Fundi akalaumu spika. Akabadilisha sindano. Akawagombeza wateja kwa vumbi la majumbani kwao. Kila mashine aliyoishika ilikuwa na kosa. Santuri peke yake ndiyo haikushitakiwa.

Mwaka jana mkewe akaugua siku nne, akaenda zake.

Juzi binti yao akaja kibandani, mtoto mchanga begani, simu mkononi.

"Shikamoo, baba. Nimefuata wimbo wangu."

"Marahaba. Wimbo gani?"

"Ule wa mama. Mjukuu wako halali. Nataka abembelezwe na bibi yake. Wewe piga, mimi narekodi."

Fundi akachagua mashine nzuri kuliko zote, akafuta sahani kwa shati lake. Akashusha sindano. Shaaa. Ubeti mzima, shaaa, na kwa mbali kitu kama mtu anayeita kutoka nyumba ya jirani.

"Baba, hii mashine mbovu?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, alilitumia miaka mingi. Safari hii likamkwama.

"Mashine nzima, mwanangu. Mbovu ni mimi. Nimemtumia mama yako kupimia mashine za watu mpaka nimemla."

 Sindano haikungoja majibu, ilikuwa inaendelea na njia yake. Ikavuka ubeti wa kwanza, ikaingia pale ambapo fundi hakuwahi kuiacha ifike. Na mama akatokea. Safi, karibu, na ile pumzi yake fupi kabla ya kila mstari. Mtoto akatulia. Fundi akafumba macho, kidole kikapanda juu chenyewe, na mstari wa mwisho ulipokuwa unafika mwisho, mdomo ukafanya kazi uliyozoea:

"Mwendo sawa! Mwiteni mwenyewe!"

Sindano ikateleza katikati. Kimya.

"Baba!"

"Nimeona."

"Turudie?"

Fundi akainama kuangalia ncha ya sindano. Uzi mweusi uliochunwa kwenye santuri ulikuwa umejiviringisha pale, mwembamba kama unywele.

"Tukirudia tunampunguza," akasema.

Basi mtoto siku hizi analala kwa simu: bibi anaimba, babu anamkatiza. Binti anasema hata hivyo anaupenda, ndivyo walivyokuwa wakiishi. Santuri imefungwa kwenye kitambaa, juu ya kabati. Neno la mwisho la wimbo liko humo, na fundi, haki ya Mungu, halikumbuki. Anajua lilipo. Kila akinyanyua mkono kuifuata, anaurudisha.